Mlevi Hanywi Peke Yake

Wako wenzangu katika kazi ya kufundisha fasihi wasemao kwamba Kiswahili hakina mlevi anayestahili kutiwa katika sinema. Hawasemi hivyo kwa dharau. Husema kwa masikitiko, na hoja yao huipanga vizuri. Hututajia The Lost Weekend, picha aliyoiongoza Billy Wilder mwaka 1945 kutoka katika riwaya ya Charles Jackson, wakatuambia: tazameni, huyu ndiye mlevi. Ana moyo unaoshindana na kiu yake, ana akili ya kujiona anavyozama, na ana maneno ya kutueleza huko kuzama kwake. Kisha huuliza, katika riwaya zetu yuko nani awezaye kuwekwa kando yake? Mtu akimtaja Zakaria wa Rosa Mistika, hutabasamu. Zakaria, wasema, ni baba mkali mwenye kupenda pombe, basi. Hajichunguzi wala hajielezi. Hawezi kuibeba picha ya saa moja na nusu.

Nakusudia kuipinga rai hiyo. Ingalikuwa maneno ya darasani tu ningaliyaacha yapite, maana darasani hupita mengi. Lakini vijana wetu wanaojifunza kuandika sinema huisikia na kuiamini, wakatoka nayo na kuutazama ufuko wa Ziwa Victoria, toka Kirumba mpaka Nansio, wakidhani kwamba hapa hapana hadithi. Hadithi ipo, na imo katika kitabu ambacho wengi wao wamekisoma. Walichokosa ni mahali pa kusimama ili waione.

Nianze kwa kuipa picha ya Wilder haki yake, kwa kuwa sipendi ubishi unaoanza kwa kumvunjia heshima mtu aliyefanya kazi njema. Kabla yake mlevi wa sinema za Marekani alikuwa aghalabu mtu wa kuchekesha: kofia upande, miguu haisikilizani, amekumbatia nguzo ya taa. Wilder alimchukua Ray Milland akampitisha katika barabara ya Third Avenue mjini New York, ndevu hazikunyolewa, amebeba taipureta yake akitafuta duka la kuiweka rehani, na maduka yote yamefungwa kwa kuwa siku ile ni Yom Kippur, siku kuu ya toba ya Wayahudi. Sijaona picha nyingine iliyopima kiu ya mtu kwa urefu wa barabara. Chupa iliyofungwa kamba ikaning'inizwa nje ya dirisha, chupa nyingine iliyofichwa katika taa ya dari: hayo anayajua kila aliyepata kuishi na mlevi, hata kama kwao chupa ilifichwa ndani ya kihenge cha mtama. Picha ile ilipata Oscar nne, ikiwamo ya picha bora ya mwaka, na mwaka 1946 ikawa miongoni mwa zilizopewa tuzo kuu huko Cannes. Ilistahili.

Ilifanya kosa moja ambalo wahakiki wamekwisha kulisema, nami nitalipitia upesi. Katika riwaya, iliyotoka mwaka 1944, Don Birnam anarudi kitandani na kileo chake akishangaa kwa nini watu walipiga makelele kiasi kile. Tunamwacha akiwa tayari kuanza tena. Katika sinema anatumbukiza sigara ndani ya gilasi ya wiski na kuahidi kuandika kitabu. Jackson mwenyewe alikuwa ameacha pombe kwa miaka alipoiandika riwaya yake. Baadaye akairudia, na mwaka 1968 akafa kwa mkono wake mwenyewe. Mwandishi aliujua mwisho ambao watengeneza picha hawakuutaka.

Lakini ugomvi wangu hauko katika mwisho huo. Uko karibu na mwanzo, katika bakuli la sukari.

Ndugu yake Birnam, ambaye ndiye amlipiaye mahitaji yake, ameacha dola kumi katika bakuli hilo ziwe ujira wa mwanamke ajaye kufanya usafi. Mwanamke anafika, anabisha mlangoni, anauliza ujira wake na kueleza mahali unapowekwa. Birnam anafunua bakuli, anaziona fedha, kisha anamjibu kwamba hamna kitu. Mwanamke anakwenda zake. Birnam anavaa kofia, anatoka kwenda kununua pombe, nayo kamera inatoka pamoja naye.

Nilipata kuwaonyesha wanafunzi picha hii, wakaitazama kimya kama ilivyopasa. Mwishoni tulizungumza juu ya mwanga, juu ya kivuli cha chupa ile ndani ya taa, juu ya muziki. Ndipo msichana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema, akauliza: "Yule mama, alilipwa?" Wenzake wakacheka. Nami nikatafuta jibu, nisilione. Picha haimfuati mwanamke yule. Hatujui alikwenda kupika nini jioni ile, wala alimwambia nini mwenye nyumba wake. Mambo hayo hayakuhusu hadithi, kwa sababu hadithi ilikwisha kuamuliwa kuwa ni ya mtu aliye ndani.

Hapo ndipo palipo asili ya kosa la wenzangu. Wanadhani wametuonyesha mlevi alivyo, kumbe wametuonyesha mlevi mwenye chumba chake. Birnam ana mlango wa kufunga. Ana ndugu wa kulipa, ana mchumba wa kumngoja ngazini, hana mtoto hata mmoja wa kuamshwa usiku na sauti yake. Ulevi wake waweza kuwa vita baina yake na nafsi yake, maana wengine wote wamekwisha kuondolewa njiani. Leaving Las Vegas, picha ya mwaka 1995 iliyotoka katika riwaya ya John O'Brien, ilikwenda mbali zaidi katika njia hiyo hiyo: mke na mtoto wamekwisha kutoka katika maisha ya mtu yule, naye ajiendea mji wa mbali kunywa mpaka afe. Ni picha yenye nguvu, wala sisemi kwamba si ya kweli. Nasema kwamba ni kweli ya mtu aliyebaki peke yake, na kwamba huo ni ulevi wa mji fulani na uchumi fulani. Kuufanya uwe kipimo cha kila mlevi ni sawa na kumlaumu mvuvi wa Ukara kwa kuwa hana ngazi ya kupandia ghorofani.

Sasa tuvuke tuende Ukerewe. Kisiwa hiki kimetupa waandishi wawili wakubwa ambao, wakisomwa pamoja, watatufundisha juu ya pombe mambo ambayo hayamo katika picha yoyote ya Hollywood. Wa kwanza ni Aniceti Kitereza, aliyeimaliza hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, mwaka ule ule wa picha ya Wilder, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikangoja mpaka mwaka 1980 kupigwa chapa. Wa pili ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, ambaye Rosa Mistika yake ilitoka mwaka 1971. Kwa hiyo yule mkubwa alitangulia kuandika akachelewa kusomwa, na mdogo akasomwa kwanza. Jambo hili limewapotosha wengi, hata wakakiona kitabu cha Kitereza kama hadithi ya kale iliyokuja baada ya habari mpya.

Kwa Kitereza pombe ni kifungo cha watu. Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndugu za mumewe walimtukana kwa kukosa mtoto, na Myombekere akitaka kumrudisha hana budi kuwapelekea wakweze pombe ya ndizi. Mtu aliyepata kuiona pombe hiyo inavyotengenezwa ataelewa uzito wa faini hii. Ndizi huivishwa kwa siku zake, hazikubali kuharakishwa. Kukamua kwataka mikono mingi. Mitungi itafutwe, unga wa mtama au wa ulezi utiwe, na pombe ikiwa tayari haingoji, maana baada ya siku chache huchacha. Basi ni lazima inywewe na watu wengi kwa pamoja, na kila mtu kwa cheo chake. Simwoni Kitereza kuwa mjinga wa mambo ya dunia. Alijua kwamba watu hulewa. Lakini katika dunia aliyoiandika kazi yenyewe ya kupika ilikuwa mpaka wa kunywa. Mtu hakuweza kulewa kila siku, kwa sababu majirani hawakuweza kumkamulia kila siku.

Kwa Kezilahabi, katika kisiwa hicho hicho, mpaka huo umekwisha kuvunjika. Zakaria hanywi ili apatane na mtu. Pombe kwake ni kitu cha kununuliwa, na fedha ya kukinunulia hutoka katika nyumba. Sina haja ya kuisimulia riwaya kwa wasomaji wa jarida hili. Yatosha kukumbusha kwamba Rosa ni binti wa kwanza, kwamba mama yake Regina ndiye aliyeishika nyumba ile isianguke, na kwamba siku Zakaria alipoipata barua ya kijana Charles alimpiga binti yake kipigo ambacho kila msomaji wa kitabu hukikumbuka. Mtu asiyeweza kukilinda kinywa chake mwenyewe ajifanya mlinzi wa mwili wa bintiye. Aliyofanya Rosa baadaye, mpaka kujiua kwake, yametoka katika ulinzi ule.

Wenzangu wasema kwamba Zakaria hajielezi. Ni kweli, na mimi nasema kwamba hapo ndipo ukweli wake ulipo. Walevi wengi niwajuao mimi hawajielezi. Wanaoeleza ni wengine: mtoto aijuaye hatua ya baba yake toka mbali na kujua kwa hatua hiyo kama usiku utakuwa wa amani au la, mke aliyejifunza kuificha fedha mahali patatu tofauti, jirani asikiaye na kunyamaza. Birnam aliweza kusema maneno mazuri juu ya pombe yake kwa kuwa Jackson alikuwa msomi na alimpa maneno ya msomi. Kumtaka Zakaria aseme hivyo ni kumtaka awe mtu mwingine ili sisi tupate kumhurumia. Na kwa nini huruma yetu yote imwendee yeye kwanza?

Walioipiga marufuku riwaya hii shuleni baada ya kutoka kwake hawakumwona Zakaria hata kidogo. Walimwona Rosa. Waliona msichana na wanaume, wakaogopa wanafunzi watajifunza nini. Marufuku ilikuja kuondolewa, kitabu kikasomeshwa, lakini jicho lile halikuondoka pamoja na marufuku. Hata leo maswali ya mitihani humwuliza mwanafunzi juu ya malezi ya Rosa na kuanguka kwa Rosa. Sijapata kuliona swali limwulizalo Regina alilipa gharama gani. Nami nahofu kwamba mtu akiifanya Rosa Mistika kuwa sinema kwa macho haya tuliyo nayo, tutapata picha ya msichana mzuri aliyepotea, muziki wa huzuni, na baba mlevi atakayeonekana mara tatu mlangoni ili tujue kwamba ni mlevi.

Mtu aweza kuniuliza: je, yawezekana kutengeneza sinema ya ulevi ambayo mlevi si roho yake? Imekwisha kutengenezwa. Mwaka 1956 René Clément wa Ufaransa aliichukua L'Assommoir, riwaya ya Émile Zola ya mwaka 1877, akaifanya picha, na akaipa jina la mwanamke: Gervaise. Mwanamke huyu ni dobi. Mumewe Coupeau ni fundi wa mapaa, mchapakazi, asiyeonja pombe, mpaka siku anapoanguka toka juu ya paa. Gervaise hakubali apelekwe hospitalini. Anamwuguza nyumbani kwa akiba aliyoiweka ya kufungulia duka lake. Anapona mguu, lakini kazi haimtaki tena, au yeye haitaki. Duka linafunguliwa kwa fedha ya mkopo, na baada ya hapo kila anachokinywa Coupeau chatoka katika povu la sabuni ya mkewe, mpaka mke naye anakunywa.

Wengi husema kwamba Zola amempa Coupeau sababu, yaani kule kuanguka. Mimi siisomi hivyo. Mafundi wengi wa Paris walianguka, wala si wote waliolewa. Kilichomharibu Coupeau ni ile miezi ya kitandani, alipozoea kutumikiwa na kuona kwamba nyumba yaenda bila ya yeye kuinua mkono. Zakaria hakuhitaji kuanguka toka juu ya paa ili apate mazoea hayo. Alipewa kwa kuwa baba.

Na mtazame Clément alivyomaliza. Haimalizi picha kwa mlevi, anaimaliza kwa Nana, binti mdogo wa nyumba ile, anayejifunga utepe shingoni na kukimbilia nje kucheza na wavulana, wakati mama yake amekaa na gilasi haoni kitu. Hapana hotuba. Msomaji wa Rosa Mistika akiiona sehemu hiyo atashtuka, maana atakuwa ameyaona maisha yote ya Rosa katika kipande cha utepe.

Zola alifanya jambo jingine ambalo Jackson hakulifanya, na ambalo kwetu ni la lazima. Katika kilabu anachonywea Coupeau aliuweka mtambo wenyewe wa kukenekea pombe, na mabomba yake, ukifanya kazi mbele ya wanywaji. Alitaka tujue kwamba kileo kinatoka mahali, kinatengenezwa na mtu, na mtu huyo ana faida.

Kando ya Ziwa letu mtambo ni pipa, bomba, maji ya kupozea na kuni. Gongo haichachi. Hubebwa katika dumu, hufichwa, hungoja mteja mwezi mzima, huuzwa kwa kipimo kwa mtu mmoja mmoja. Kila jambo lililokuwa mpaka katika pombe ya Myombekere, hapa limeondolewa. Sheria imeikataza, basi hupikwa usiku, na hatari ya kukamatwa huongezwa katika bei. Wapikaji, tena wengi wao, ni wanawake. Ni wajane, ni walioachwa, na ni wake ambao waume zao hawaleti kitu nyumbani kwa sababu wamekwisha kunywa. Na hapo ndipo penye fundo la hadithi yote, ambalo nashangaa kwamba halijamnyima usingizi mwandishi yeyote wa sinema: mwanamke aliyeharibiwa nyumba na ulevi wa mumewe apika gongo ili alipe karo ya mtoto wake, na fedha ya karo hiyo imetoka katika mfuko wa baba wa mtoto mwingine. Yeye ni Regina, naye ni chanzo cha taabu ya Regina wa nyumba ya tatu. Birnam hana tatizo la namna hiyo. Aliyemwuzia pombe ni mwenye baa, mtu mwenye maneno ya hekima na kitambaa cha kufutia meza.

Na mtu akitaka kujua fedha yaja lini, na autazame mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika, maana mbingu yote iking'aa dagaa hawaijali taa ya mtu. Hivyo katika kila mwezi ziko siku ambapo wanaume wengi wa mwaloni wako nchi kavu, mgawo umekwisha kutolewa, na kazi iliyobaki ni kushona nyavu. Mpika gongo huijua kalenda hii kuliko padri aijuavyo Kwaresima. Mke naye huijua. Sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na viwanda vya minofu vilivyojengwa Mwanza katika miaka ya 1990, viliongeza fedha hiyo na kuifanya ije kwa mafungu makubwa zaidi, haraka zaidi, mikononi mwa vijana walio mbali na kwao. Mwongozaji wa sinema atafuta nini tena? Saa ya hadithi yake imetundikwa angani, yajaa na kupungua mbele ya macho ya kila mtu.

Najua kwamba wako watakaonijibu toka upande mwingine, wakisema kwamba sinema za ulevi tunazo, nazo zinafundisha. Tunazo, ndiyo, za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya kuchekesha, ambamo mlevi huyumba, huzungumza na mbuzi, hufukuzwa na mkewe kwa mwiko, na watu hucheka. Nimeichekea na mimi, sijifanyi mtakatifu. Lakini yafaa tutambue kwamba sisi tuko pale pale walipokuwa Wamarekani kabla ya mwaka 1945, na kwamba kicheko hicho hulipwa na mtu asiyeonekana. Ya pili ni ya mahubiri: baba anakunywa, anafukuzwa kazi, anaugua, na kitandani anaomba radhi, mke analia na kusamehe, mwisho. Hii nyingine naiona mbaya zaidi. Yatwambia kwamba ulevi hujiadhibu wenyewe, basi hatuna la kufanya ila kungoja. Tena yampa mlevi heshima ya mwisho ya kuwa katikati ya kitanda na watu wote wamemzunguka. Hata katika kufa kwake nyumba nzima yamtumikia.

Serikali nayo huuona ulevi kwa namna yake. Kuanzia tarehe 1 Machi 2017 ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali vilivyonunuliwa kwa fedha kidogo, na mimi naiona amri ile kuwa njema. Walakini amri huona kifuko, haioni jikoni. Kuona jikoni ni kazi ya riwaya na ya sinema, na tusipoifanya sisi atakuja kuifanya mgeni kwa macho yake.

Mgeni alikwisha kuja. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, picha juu ya sangara wa Mwanza, ndege za mizigo, na watoto wa mitaani wanaovuta moshi wa plastiki ya kufungia samaki. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani, na Mwanza wako watu walioandamana kuipinga. Nakubali kwamba picha ile iliunganisha mambo kwa haraka na kuyaacha mengi, na mtu wa Mwanza akiitazama hujisikia kama mtu aliyepigwa picha akiwa amelala. Lakini baada ya makelele yale, sisi tulitengeneza nini? Tulijibu kwa hotuba. Mji uliokosewa na sinema hujibu kwa sinema iliyo bora zaidi, na kitabu cha kuianzia kilikuwa kimekwisha kutoka miaka 33 kabla ya mgeni kuitoa picha yake.

Nasikia pia neno la fedha. Nani atakayelipa? Kampuni za bia zimepata kuidhamini hata timu yetu ya taifa ya mpira; hazitadhamini picha hii, wala hatuna haki ya kuzilaumu. Katika kanda yetu iko bia iitwayo Balimi, yaani wakulima, na mkulima huiona heshima hiyo kila anapolipa. Inasimuliwa kwamba hata The Lost Weekend ilitaka kununuliwa na wafanya biashara wa pombe ili ichomwe kabla haijaonyeshwa. Hata hivyo mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kuwa sinema kwa Kiswahili, ikaonyeshwa mpaka Toronto. Basi riwaya ya Kiswahili yaweza kuwa picha nzuri, na fedha yaweza kupatikana. Kisingizio hicho kimekwisha.

Mimi si mtengeneza picha. Lakini kama ningaliulizwa na kijana mmoja wa wale wanaoamini kwamba hapana hadithi, ningalimwambia aanze Namagondo alfajiri, wakati Zakaria bado amelala, na asimwamshe. Amfuate Regina. Aende naye shamba na arudi naye, apate kujua kwa mikono yake debe moja la muhogo lina uzito gani. Zakaria aingie pale tu anapoingia katika siku ya Regina na ya wanawe, kwa hatua zake, kwa kikohozi chake, kwa kiti kinachoachwa wazi kwa ajili yake. Jioni akitoka kwenda kunywa, kamera isitoke naye. Ibaki ndani, na mlango ukifungwa tuwaone watoto wanavyoanza kuzungumza kwa sauti ya kawaida. Kilabu tusikione kabisa mpaka siku Regina mwenyewe anapolazimika kwenda kumchukua mumewe, na hapo tuione kwa macho yake: moto, pipa, na mwanamke mwenzake aliyeinama akihesabu shilingi za karo.

Lugha iwe Kiswahili cha visiwani, chenye Kikerewe na Kijita ndani yake kama watu wasemavyo, wala kisisafishwe ili kipendeze Dar es Salaam. Na barua ya Charles ikifika, mwongozaji awe na moyo wa kutuonyesha uso wa Regina wakati kipigo kinaendelea nje ya picha, mpaka kiishe chenyewe.